Programu Imewaka, Lakini Imekaa Folda Gani?

Kuna programu ya kutunza hesabu za dawa niliyoipeleka kwenye zahanati moja binafsi wilayani Bahi. Kifurushi chake cha Linux, yaani faili la kusakinishia programu, nilikitengeneza mwenyewe hapa Dodoma mjini, nikakisakinisha kwenye kompyuta yangu, programu ikawaka, nikaridhika. Wiki tatu baadaye nikawatumia toleo jipya lenye marekebisho madogo ya ripoti. Kesho yake asubuhi na mapema nikapigiwa simu na muuguzi anayeshika stoo: “Kaka, dawa zote zimefutika.”

Hakuna mtu aliyefuta kitu. Faili la hifadhidata nilikuwa nimelifunga ndani ya kifurushi likiwa tupu, ili programu ipate pa kuanzia, na nikaliweka chini ya folda ya /usr/share. Faili lolote linalokuja na kifurushi, dpkg, yaani zana inayosakinisha vifurushi kwenye Debian (mojawapo ya mifumo ya Linux), inalihesabu kuwa ni mali ya kifurushi. Toleo jipya likiingia, la zamani linaondoka na jipya linakaa mahali pake. Jipya langu lilikuwa tupu. Kilichotuokoa ni leja ya karatasi. Tulikaa siku mbili, dada yule akisoma, mimi nikiingiza upya, kuanzia dawa mseto ya malaria hadi glovu.

Mpangilio wa folda za Linux umeandikwa siku nyingi. Chimbuko lake ni mwaka 1994, na toleo la 3.0 la kanuni hiyo, FHS, lilitoka mwaka 2015. /usr ni ya vitu vya kusomwa tu. /etc ni ya mipangilio. Kumbukumbu zinazoongezeka kila siku, kama hesabu za dawa, kwao ni /var/lib. /usr/local ni ya msimamizi wa mashine, na kifurushi cha Debian hakiruhusiwi kuweka faili lake humo. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sijafanya ni kuyapima.

Kipimo ninachokithamini kuliko vingine ni hiki: naifanya /usr isomeke tu, isiandikike, halafu naitumia programu kama mtu wa stoo angeitumia. Naingiza dawa, natoa, nachapa ripoti. Kama kuna sehemu inaandika mahali pasipo pake, inakwama hapo hapo mbele ya macho yangu. Kwa huduma zinazoendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, mstari mmoja wa ProtectSystem=true kwenye mipangilio ya huduma unatosha kufunga /usr namna hiyo. Kama ningefanya hivyo kabla ya kwenda Bahi, kosa langu lingejulikana ndani ya dakika tano.

Halafu kuna suala la mashine yenyewe. Kompyuta iliyotengeneza kifurushi haifai kuwa shahidi wake, kwa sababu kila kitu ambacho programu inakihitaji tayari kiko humo. Mimi hutumia mashine pepe mpya, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, isiyo na zana za kutengenezea, na huingia kama mtumiaji wa kawaida. Kabla ya kusakinisha nachukua orodha ya mafaili yote ya mashine, baada ya kusakinisha nachukua nyingine, kisha nalinganisha. Wengi hutumia dpkg -L na kuishia hapo. Amri hiyo inaonyesha mafaili yaliyofungwa ndani ya kifurushi tu. Yale yanayozaliwa na skripti za usakinishaji, au na programu yenyewe inapowaka mara ya kwanza, haiyaonyeshi.

Kuna kosa jingine linalojificha zaidi: faili limekaa panapostahili, lakini ndani yake limebeba anwani ya kwingine. Chanzo chake mara nyingi ni kuchanganya PREFIX na DESTDIR, njia mbili za folda zinazotajwa wakati wa kutengeneza kifurushi. Waliohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam watanielewa haraka. Vyombo vilisafiri kwenye lori, lakini hakuna aliyeandika namba ya lori kuwa anwani ya nyumba yake ya Nzuguni. DESTDIR ni lori, folda ya muda ya kukusanyia mafaili wakati wa kufunga. PREFIX ndiyo nyumba, folda ambamo programu itakaa kwa mteja. Ukiiweka njia ya lori kwenye PREFIX, programu itaikumbuka milele, na ikifika kwa mteja itatafuta folda ambayo haipo. Skripti za Python zilizotengenezwa ndani ya mazingira pepe, yaani folda ya Python iliyotengwa kwa mradi mmoja, zina ugonjwa huo huo: mstari wa kwanza unataja njia kamili ya kompyuta ya mtengenezaji. Kwa hiyo baada ya kusakinisha natumia grep kutafuta jina la folda yangu ya kazi ndani ya kila faili lililoingia. Nikilikuta hata mara moja, kifurushi hakitoki.

Kupanda toleo sasa nakujaribu na data halisi ndani. Nasakinisha la zamani, naingiza dawa kadhaa, napandisha, nahesabu. Debian wana zana iitwayo piuparts inayosakinisha, kupandisha na kuondoa kifurushi kwenye mazingira safi, kisha inataja masalia. Naipenda, ila dawa zako haitakuhesabia. Hizo lazima uzihesabu wewe.

Limebaki suala la kuondoa. Kanuni ya Debian ni kwamba amri ya remove huondoa programu na kuacha mipangilio, na ya purge husafisha hata hiyo. Je, purge ifute na hesabu za dawa zilizoko /var/lib? Kwa usafi wa mfumo, jibu ni ndiyo, na piuparts inanilalamikia kila ninapoziacha. Mimi naziacha. Zahanati ikitaka zifutwe, naenda Bahi, nakaa na dada wa stoo, tunazinakili kwanza, ndipo nazifuta kwa mkono.