Msimu wa kuwinda unafunguliwa lini? Soma kifungu kabla ya jina

Ikikaribia Julai, swali huwa lilelile. Kijana wa Kinango, au mzee wa Bamburi mwenye bunduki iliyoandikishwa tangu enzi za baba yake, ananitumia picha ya tangazo kwa WhatsApp na kuuliza: "Wakili, ni kweli msimu wa kuwinda umefunguliwa?" Tangazo lenyewe halina kasoro. Lina nembo, lina nambari, limeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Ila nembo hiyo ni ya Tanzania.

Siwalaumu. Gazeti Rasmi la Kenya huchapishwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kwa hivyo tangazo la serikali kuhusu leseni, vitalu vya uwindaji na wanyama likimfikia mtu wa Likoni kwa Kiswahili fasaha, yaelekea limevuka mpaka wa Lungalunga. Ng'ambo ya pili uwindaji wa kitalii ni halali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai, leseni zinasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya huko, na kanuni zao zinaingia hadi kwenye umri wa mnyama: simba wa kuwindwa sharti awe ametimiza miaka 6. Walishawahi kufunga nao, mwaka 1973, wakafungua tena 1978.

Huku kwetu hakuna msimu. Haufunguliwi Julai wala mwezi mwingine wowote. Mlango wa kuwinda wanyama Kenya ulifungwa tarehe 19 Mei 1977 na haujafunguliwa tangu siku hiyo.

Kwa anayetaka jibu la haraka, ndilo hilo. Lakini kuna swali la pili ambalo halinifikii kwenye simu, nalo ndilo lenye uzito: nani anaweza kuufungua? Jibu lake limo kwenye kurasa ambazo wasomaji wengi huzipitia wakitafuta majina tu, kurasa za uteuzi za Gazeti Rasmi.

Gazeti hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalumu hutoka siku yoyote jambo likiwa la dharura. Likitoka lenye uteuzi wa bodi, mitandao inawaka: nani kapata, nani katemwa, huyu ni wa wapi, yule aliyeshindwa uchaguzi kapewa nini. Hayo nayasoma na mimi, sitajifanya mtakatifu. Ila kazini jina nalisoma mwisho. Tangazo la uteuzi huanza na maneno yanayokaribia haya: kwa mamlaka niliyopewa na kifungu cha 6(1)(a) cha Sheria ya Mashirika ya Serikali, namteua fulani kuwa mwenyekiti wa bodi fulani, kwa muda wa miaka mitatu, kuanzia tarehe fulani. Chini kuna tarehe ya kutiwa sahihi, na cheo cha aliyetia sahihi.

Angalia vitu vitatu hapo. Kwanza kifungu. Hiki cha 6(1)(a) kinampa Rais mwenyekiti peke yake; wajumbe wengine wa kuteuliwa ni wa waziri, chini ya aya nyingine. Ukiona waziri anateua mwenyekiti kwa kutumia kifungu cha wajumbe, hapo pana kesi. Pili, tarehe ya kuanza kazi ikilinganishwa na tarehe ya sahihi. Uteuzi unaorudishwa nyuma kwa miezi kadhaa kwa kawaida una sababu, na sababu yenyewe mara nyingi ni kwamba kuna mtu amekuwa akiidhinisha mambo bila kuwa na kiti. Tatu, tangazo la kumwondoa aliyetangulia. Likikosekana, na muda wake haujaisha, kiti kimoja kinaweza kuwa na watu wawili. Usipuuze pia ule ukurasa wa mwanzo wa masahihisho, ambao wengi hudhani ni wa makosa ya chapa tu. Jina lililokosewa wiki jana hurekebishwa hapo, na pamoja nalo, wakati mwingine, kifungu.

Uzito wa kifungu ulionekana wazi mwaka 2023. Rais alikuwa ameteua makatibu waandamizi 50 wa wizara. Majina yalijulikana nchi nzima, sherehe za nyumbani zilishafanyika, na Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikasema nafasi hizo hazikuundwa kwa kufuata Katiba. Mahakama haikuhitaji kumpima mmoja baada ya mwingine kama anafaa kazi. Msingi wa kiti ulikuwa na kasoro, basi waliokalia wakaondoka nao.

Sasa turudi porini, maana kanuni za wanyama nazo ni karatasi zenye sahihi ya mtu aliyeteuliwa.

Watu wa Mombasa tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Tazama juu ya ukurasa wa kwanza wa Gazeti lolote la mwaka 2025: pameandikwa Juzuu ya CXXVII kwa nambari za Kirumi, yaani 127. Hesabu hiyo inaanzia 1899, na toleo la kwanza lina jina la Mombasa juu yake, kwa sababu makao ya utawala wa Waingereza yalikuwa hapa kabla hayajapandishwa Nairobi. Magazeti ya miaka ile yana mambo mawili kwa wingi: nani ameteuliwa kuwa ofisa wa wapi, na nani anaruhusiwa kuua mnyama gani kwa leseni ya bei gani. Leseni ziligawanywa kwa hadhi ya mtu: mwindaji wa starehe, ofisa wa serikali, mlowezi. Theodore Roosevelt aliposhuka bandarini kwetu Aprili 1909, wiki chache baada ya kutoka ikulu ya Marekani, leseni ya mwindaji wa starehe ilikuwa paundi 50. Simba na chui hawakuwa na kikomo. Walihesabiwa wanyama waharibifu. Yeye na mwanawe Kermit, kwa orodha yake mwenyewe, waliua wanyama 512 katika safari iliyoishia Sudan.

Paundi 50 zile hazikuwa za Mwaata. Waata wa bara ya Malindi na Galana walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu tangu kabla ya gazeti lolote kuchapishwa. Kanuni hazikuwataja kwa jina, wala hazikuhitaji. Ziliweka leseni na bei yake, na asiyekuwa nayo akawa jangili. Kampeni kubwa ya kuwasaka ndani ya Tsavo ilifanyika 1956 na 1957, na wengi waliishia jela kwa ujuzi waliorithi kwa babu zao. Nikisikia mtu akisema uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, huwa nauliza: kwa nani? Kwa Mwaata marufuku ilikuja zamani zaidi, wakati mzungu mwenye risiti akiendelea.

Marufuku ya 1977 yenyewe ni somo zuri la mamlaka. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha sheria mpya ya wanyamapori iliyounganisha idara ya wanyama na hifadhi za taifa. Ndani yake waziri alipewa uwezo wa kutunga kanuni. Mwaka uliofuata ikatoka kanuni fupi, Tangazo la Kisheria Na. 120, na kwa hiyo leseni za kuwinda wanyama zikafutwa. Chama cha wawindaji wa kulipwa, kilichokuwepo tangu 1934, kikavunjika mwaka uleule. Halikuwa tendo la Bunge. Ilikuwa kalamu ya waziri, na kwa miaka 36 iliyofuata waziri mwingine angeweza, kwa kalamu kama ile, kuifuta kanuni hiyo na kufungua msimu. Ndiyo maana enzi hizo waliotaka uwindaji urudi, na waliopinga, walifuatilia kwa makini sana nani anapewa wizara ile. Walijaribu kupitia Bunge pia: mwaka 2004 ulipita mswada ambao ungefungua mlango kidogo, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ndiyo iliyobadilisha mchezo. Marufuku imetolewa kwenye kanuni ikaingizwa ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 96 kinafanya kuwinda kwa burudani kuwa kosa la jinai. Cha 97 kinahusu kuwinda kwa ajili ya kitoweo, na faini yake kama ilivyopitishwa haikupungua shilingi 30,000 au kifungo cha miezi sita. Cha 98 kinawahusu wanaofanya biashara ya nyama ya mwituni. Kwa hiyo leo, hata Rais akimteua waziri anayependa bunduki kuliko chakula, waziri huyo hawezi kufungua msimu kwa tangazo, maana kanuni haiwezi kuruhusu kile ambacho sheria mama imekikataza. Akijaribu, kuna kizingiti kingine: chini ya Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni sharti ipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inapoteza nguvu.

Kilichobaki mikononi mwa walioteuliwa ni yale mengine ya matumizi ya wanyama: ufugaji wa mamba kama ule tunaouona Nyali, ufugaji wa kanga na mbuni, upunguzaji wa wanyama wanapozidi. Hayo yanahitaji leseni, na leseni hutolewa na mtu mwenye kiti. (Wanaokumbuka homa ya kufuga kware ya 2013 na 2014 wanajua foleni ya leseni ile ilivyokuwa, na jinsi bei ya yai ilivyoporomoka baadaye. Sheria haikingi hasara ya sokoni.)

Uteuzi hurudi tena mahakamani, mahali ambapo mshtakiwa wa kawaida hatarajii. Mwendesha mashtaka naye ni mtu wa kuteuliwa. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kesi iliyoendeshwa na polisi wa cheo cha chini kuliko kile ambacho sheria ya wakati ule ilikitaja ni batili, hata kama ushahidi ulikuwa kamili, na hukumu nyingi zikatikisika. Tangu hapo wakili yeyote anayemtetea mtu aliyekamatwa na mguu wa paa Shimba Hills huuliza mapema: huyu anayesimama upande wa Jamhuri ameteuliwa lini, na kwa tangazo gani? Wenzangu wengine huliona swali hilo kuwa la ujanja. Mimi naona ni haki ya msingi. Serikali inayodai mtu wa Kwale asome sheria ya wanyamapori isione tabu kuonyesha karatasi yake.

Na kuna wale wanaoumizwa na wanyama, ambao ni wengi zaidi ya wawindaji. Sheria hiyohiyo ya 2013, kifungu cha 25, inatoa fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama aliyetajwa kwenye jedwali, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Lakini dai haliendi moja kwa moja kwa waziri. Linapitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, ambayo hulihakiki na kulipeleka juu pamoja na mapendekezo. Wajumbe wa kamati hiyo, mbali na wale wanaoingia kwa vyeo vyao, wana muda wao, na muda ukiisha bila wengine kutangazwa, faili hukaa. Nimefuatilia madai ambayo kila hati ilikuwa sawa, ya ndovu waliovunja ukuta wa nyumba na mtu ndani, yakalala kabatini kwa sababu hapakuwa na kikao halali cha kuyasoma. Familia inaambiwa "rudini mwezi ujao", nayo inadhani tatizo ni fomu yao.

Kwa hiyo ukipeleka dai, kutoka Kinango au Taveta au kokote, nenda na ripoti ya polisi, cheti cha kifo au ripoti ya daktari, na uulize nambari ya tangazo lililoiunda kamati pamoja na tarehe muda wake unapoisha. Matoleo ya Gazeti yanapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, unaweza kuyatafuta ukiwa kwenye matatu. Ukijibiwa kwamba kamati bado haijateuliwa, usirudi nyumbani na fomu. Iwasilishe KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, vivyo hivyo na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, maana kamati ikishatangazwa, muhuri huo ndio utakaoonyesha ulifika lini.