Tishari likimwaga sumu, mto haukusubiri

“Tishari la kazi, kile chombo bapa cha kubebea mizigo na mashine majini, si meli ya mafuta, litamwaga nini cha kutisha?” Dhana hii potofu huzaa nyingine zote. Ni kweli halibebi shehena ya mafuta, lakini tazama sitahani: tangi la dizeli, jenereta, mapipa ya oili, betri za asidi, rangi, mifuko ya saruji. Mpira wa haidroliki wa kreni ukipasuka, pampu huendelea kuisukuma oili nje mpaka mtu azime injini. Kwa hiyo zima mashine, funga vali, simamisha pipa lililolala, ziba matundu ya kutolea maji sitahani. Lita iliyozuiwa juu ya tishari haitamsumbua mtu mtoni.

Bomba la maji, hata hivyo, liache lilipo. Kuosha sitaha ni kuhamisha tatizo tu. Novemba 1986, ghala la kemikali liliungua Schweizerhalle karibu na Basel, Uswisi, na maji ya kuzimia moto yakasomba viuatilifu hadi mto Rhine. Mikunga ilikufa kwa wingi, na miji ya chini ya mto ikaacha kuvuta maji ya kunywa. Sitahani tumia vitambaa vya kunyonya mafuta, mchanga, sepetu na pipa lenye kifuniko.

“Sisikii harufu, basi pako salama.” Hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutuama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Gesi ya sulfidi hidrojeni hupumbaza pua yenyewe: inapozidi, ndipo mtu anapoacha kuisikia. Asishuke mtu kabla ya kipima gesi, hata kama mwenzake ameanguka huko chini.

Sasa tuje kwenye kizuizi kinachoelea, ule mkanda mrefu unaotandazwa juu ya maji kuzuia mafuta, maana hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Wengi hukitandaza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kama lango. Pichani kinapendeza. Lakini mkondo unaokigonga uso kwa uso ukizidi takriban mita 0.35 kwa sekunde, mafuta huanza kupita chini yake, na mito mingi huenda kasi kuliko hapo. Mtoni kizuizi hutegwa kimshazari. Kasi ikiongezeka, nacho kinalazwa zaidi kufuata mkondo. Kazi yake ni kuyachepusha mafuta hadi pembeni penye maji yaliyotulia, na hapo ndipo pampu na vitambaa vya kunyonya vinapoyasubiri.

Na kitegwe wapi? “Pale pale penye tishari,” utaambiwa. Kwa uvujaji ambao bado haujakoma, sawa. Ila mto unaokwenda mita 1 kwa sekunde huyasafirisha mafuta kilomita 3.6 kwa saa. Kikosi kinachohitaji saa nzima kufika na kufunga kamba kitakuwa kinafukuza mkia. Chagua mahali chini ya mto mtakapofika kabla ya mafuta, kisha mtazame upepo: huyasogeza kwa takriban asilimia 3 ya kasi yake, na mara nyingi hilo linatosha kuamua yataegemea ukingo upi.

Sabuni nayo ina wapenzi wake. Hupasua mafuta kuwa matone madogo na kuyazamisha kule samaki wanakopumua. Juu pamesafishika, chini pameharibika. Hata dawa rasmi za kutawanya mafuta, nyingi zimetengenezwa kwa maji ya chumvi.

Rangi za upinde wa mvua pia hudanganya jicho. Lita 1 ikitandaa kwa unene wa mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) hufunika mita za mraba 1,000. Kwa hiyo usihangaike kwanza na eneo pana linalometameta. Fuata ule ukanda mweusi mnene, hata ukiwa mdogo. Humo ndimo wingi wa mafuta ulimo.

Tena si kila kitu huelea. Maji ya zege bichi ni alkali kali, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 na zaidi, huchanganyika kimya kimya na kuua samaki bila kuacha hata doa. Mafuta mazito nayo huweza kuzama, kama ilivyokuwa katika mto Kalamazoo, Michigan, mwaka 2010 baada ya bomba kupasuka. Kwa vitu kama hivi kizuizi cha juu ya maji hakisaidii kitu, simu inasaidia.

Ndiyo maana sielewani na wanaosema, “Tutatoa taarifa tukishapata kiasi kamili.” Mtambo wa maji ulio chini ya mto unahitaji muda wa kufunga njia yake ya kuvutia maji. “Dizeli, kati ya lita 50 na 200, saa 3:10 asubuhi, bado inavuja, ukingo wa kushoto” inamtosha mwendeshaji kuamua. Hesabu kamili itakuja tangi likipimwa.