Hiyo "ji" usiiguse bila sababu

Juzi nimeletewa tena habari yenye sentensi hii: "Rais amemjiuzulu mkurugenzi." Nikaipiga mstari mwekundu, nikamwita mwandishi wake. Akanijibu kwa upole, "Dada, si visawe tu hivyo? Ameondoka, basi."

Jibu hilo nimelisikia miaka na miaka nikiwa kwenye meza ya uhariri, na nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja. Si visawe. Kitenzi tunachompa mtu anayetoka madarakani kinabeba ushahidi: nani kamtoa, na kwa njia gani. Ukikosea kitenzi umetangaza uongo, hata kama jina na tarehe umeviandika sawasawa.

Tuanze na hiyo ji. Shina ni -uzulu, tumelipata Kiarabuni, na maana yake ni kumtoa mtu kwenye cheo. Ni kitenzi elekezi, kinadai mtendwa. Waliosoma historia ya Uislamu kwa Kiswahili wanakifahamu: Khalifa Umar alimuuzulu Khalid bin Walid katika uongozi wa jeshi. Umar ndiye aliyetoa, Khalid ndiye aliyetolewa. Sasa pachika ji, ileile ya kujinyoa na kujisifu. Mtoaji na mtolewa wanakuwa mtu mmoja. Kwa hiyo "amemjiuzulu" ni sawa na "amemjinyoa". Kanyolewa nani hapo?

Chanzo cha kosa nakijua. -uzulu yenyewe imepotea midomoni mwa wengi, ikabaki ji imeganda mbele yake kana kwamba ni silabi ya kwanza ya shina. Ndiyo maana tunaletewa pia "amejiuzulishwa". Hili la pili huwa nalikata, lakini nakiri nalikata kwa shingo upande, kwa sababu anayelitamka ana jambo la kweli anataka kulisema: mtu kaandika barua mwenyewe, ila mkono ulioshika kalamu ulikuwa umeshikwa na mwingine.

Mtazame Robert Mugabe. Kuanzia tarehe 15 Novemba 2017 jeshi lilikuwa limemzuia nyumbani kwake. Tarehe 21 Bunge likakaa kujadili hoja ya kumwondoa, na mjadala ukiwa unaendelea Spika akasoma barua yake ya kujiuzulu. Niandike nini? "Alijiuzulu" ni kweli, barua ipo. "Alipinduliwa" nako kuna ukweli wake, maana vifaru vilikuwa barabarani. Mimi huandika "alijiuzulu kwa shinikizo la jeshi", na kila nikiiandika bado nahisi ile ji inamtwika mzigo usio wake wote. Kwetu pia lipo: Januari 1984 Aboud Jumbe aliacha urais wa Zanzibar katika kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, mbele ya Halmashauri Kuu ya CCM iliyokaa Dodoma. Rasmi, alijiuzulu. Kamusi haina neno moja la mtu wa namna hiyo, na sarufi peke yake haitatuokoa.

Halafu kuna kung'atuka. Neno hili Mwalimu Nyerere alilitoa Kizanaki, lugha ya kwao, na alipoacha urais mwaka 1985 likaenea nchi nzima. Kwa sikio la Mtanzania, anayeng'atuka ameamua mwenyewe, na ameondoka na heshima yake. Vuka mpaka uingie Kenya, utakuta kiongozi "ameng'atuliwa mamlakani", yaani katolewa, apende asipende. Wapo wahariri wenzangu wanaoliita hilo kosa la Wakenya. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiswahili kina pasua na pasuka, ng'oa na ng'oka. Lugha ikishapata ng'atuka, ng'atua inakuja yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Shida ni msomaji: habari moja ikisomwa Mwanza na Mombasa, yule wa Mwanza anashangaa imekuwaje mtu ang'atuliwe. Nikiandikia wote wawili natumia "kuondolewa".

Na mkiandika kuondolewa, angalieni kalenda. Bunge la Taifa la Kenya lilipiga kura dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 8 Oktoba 2024, kura 281 zikaunga mkono hoja. Seneti ilipiga yake tarehe 17. Siku zote tisa hizo katikati alikuwa bado Naibu Rais, na kila aliyeandika "ameondolewa" asubuhi ya tarehe 9 alikosea.

Mengine nayapitia haraka. Kupindua ni kwa serikali, kama Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Mwenyekiti aliyeshindwa kura chamani hajapinduliwa. Serikali isipoanguka, kama Kenya tarehe 1 Agosti 1982, ni jaribio la mapinduzi. Aliyesimamishwa kupisha uchunguzi hajatolewa, cheo bado chake. Tafadhali.

Lililobaki ni kutengua. Waswahili wamelijua siku nyingi kabla ya taarifa za Ikulu: kuna mambo yanayotengua udhu. Udhu ukitenguka, kilichoondoka ni ile hali uliyokuwa nayo, na wala si lazima uwe umetenda dhambi. Hata usingizi unautengua. Ndivyo ilivyo kwa uteuzi. Kinachotenguliwa ni uteuzi, na sababu haimo ndani ya kitenzi. Ukimwandika huyo kuwa "ametumbuliwa", umemhukumu, kwa sababu kinachotumbuliwa ni jipu, na jipu lina usaha. Jina hilo linabaki naye mtaani hata akija kupewa kazi nyingine mwezi unaofuata.

Nilimwambia yule kijana afungue taarifa yenyewe kwenye simu yake, anisomee. Akasoma: Rais ametengua uteuzi wa mkurugenzi. Sababu haikutajwa. Akarudi kwenye kiti chake, akafuta "amemjiuzulu", akaandika kama taarifa ilivyosema, kisha akaanza kupiga simu kutafuta sababu.