Ngozi ya sato kwenye jeraha la moto si ile ya jikoni

Tangu zilipoanza kusambaa picha za wagonjwa wa Fortaleza, Brazili, waliofunikwa ngozi ya samaki, wengi wameamini mambo mawili: kwamba ngozi hiyo hubandikwa ikiwa mbichi, na kwamba huota na kugeuka ngozi ya mtu. Yote si kweli.

Samaki ni sato, yuleyule wa Mto Nili. Ngozi yake ina kolajeni nyingi (protini inayoipa ngozi uimara) na hushika unyevu vizuri. Lakini kabla ya kufika kwa mgonjwa huparwa magamba, husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, hulowekwa kwenye gliserini, kisha hupigwa miale ya gama, yaani mionzi inayoua vijidudu. Harufu ya samaki nayo hupotea, jambo ambalo wagonjwa bila shaka hushukuru.

Ikishabandikwa, hufanya kazi ya bendeji: hushikamana na jeraha, hivyo halifunguliwi kila siku, na maumivu hupungua. Ngozi ya mgonjwa huota chini yake. Ile ya sato hukauka na kubanduliwa.

Ngozi mbichi kutoka sokoni hubeba bakteria. Ukiungua, tumia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu nenda hospitali.