Barua ya Pendekezo Usiyoisoma: Maelezo kwa Madaktari Wanaoomba Ubingwa Marekani

Kila inapokaribia Septemba, madaktari vijana wanaoomba mafunzo ya ubingwa Marekani hutuuliza: "Niache haki ya kusoma barua ya profesa wangu, au niing'ang'anie?" Ushauri wetu ni kuiacha. Ila jua unachoacha.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1974, FERPA, ilimpa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za masomo, barua za pendekezo zikiwemo. Sheria hiyohiyo inamruhusu kuiacha haki ya kusoma barua kwa maandishi na kwa hiari yake, na chuo hakiruhusiwi kuifanya sharti la kumpokea. Hata akishaiacha, anaweza kuuliza ni nani waliomwandikia.

Kwenye ERAS, mfumo wa maombi unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, swali hili huulizwa kwa kila barua. Unajaza jina la mwandishi, unachagua, kisha unampelekea fomu ya ombi. Chaguo lako analiona humo. Barua anaipakia yeye mwenyewe; haipiti mikononi mwako. Waandishi wengi huanza kabisa kwa kueleza kwamba mwombaji ameacha haki ya kuisoma, kwa sababu msomaji huiamini zaidi barua iliyoandikwa bila kumwogopa mtu.

Tatizo kubwa kwetu Afrika Mashariki liko kwingine. Profesa ana kliniki, ana raundi, ana mitihani ya kusahihisha, basi anakwambia: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Anakusudia kukusaidia, lakini ukikubali, umetamka kwamba hutaiona barua ambayo umeitunga wewe. Huo ni uongo, na unaweza kukugharimu nafasi. Tena huonekana: barua tatu za mabingwa watatu, zote na sentensi za aina moja, zikifanana na maelezo binafsi ya mwombaji.

Badala yake mpelekee ukurasa mmoja wa kumkumbusha: wodi mlizofanya pamoja na miezi yake, mgonjwa mgumu mliyemhudumia (bila jina lake), wasifu wako na fani unayoomba. Maneno ya barua mwachie yeye.

Na ombi lenyewe liwe wazi, mapema, akiwa bado na nafasi ya kukataa: "Daktari, kwa jinsi ulivyoniona wodini, unaweza kuniandikia barua ya kuniunga mkono kwa dhati?" Akisitasita, mshukuru, utafute mwingine. Programu moja hupokea barua zisizozidi 4, kwa hiyo bingwa aliyekusimamia usiku wa zamu ana thamani kuliko mkuu wa idara asiyekujua hata kwa sura.

Barua ikishapakiwa, mfumo utakuonyesha kwamba imefika. Mwandikie shukrani fupi, na usimuulize ameandika nini.