Kitambulisho Kaunta: Je, Anayelipa kwa Kadi Aombwe?

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya malipo katika duka moja la vifaa vya umeme, Kariakoo. Mbele yangu alisimama mama wa makamo aliyekuwa akilipia jokofu kwa kadi. Alikwisha kuchomeka kadi kwenye mashine, akabonyeza namba ya siri na risiti ikatoka, ndipo kijana wa kaunta akamwambia, "Samahani mama, naomba na kitambulisho." Mama akauliza, "Kwani malipo hayajapita, mwanangu?" Kijana akajibu, "Yamepita mama, ni utaratibu wetu tu." Mama akatoa kitambulisho cha taifa. Kijana akavuta daftari la mistari ambalo kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, akanakili jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20 na, kwa kuwa kadi ilikuwa bado mezani, tarakimu zote 16 za kadi ile. Kisha daftari likabaki wazi juu ya kaunta, na zamu yangu ilipofika niliweza kuwasoma wateja wa siku nzima bila hata kuinama.

Kazi yangu katika benki ni kushughulikia malalamiko ya miamala ya kadi, na wafanyabiashara wananiuliza mara kwa mara kama wanapaswa kudai kitambulisho kwa kila anayelipa kwa kadi. Jibu langu ni hapana. Kuomba kitambulisho kwa kila mteja hakuzuii wizi kwa kiasi ambacho wenye maduka wanafikiri, na kunakili yaliyomo kunaongeza hatari ambayo haikuwepo kabla mteja hajaingia dukani. Hata hivyo zipo nafasi chache ambazo kitambulisho kina kazi, nami nitazitaja, kwa sababu hofu ya mwenye duka aliyewahi kupoteza mzigo ni hofu ya kweli.

Desturi hii ina asili yake. Kadi za zamani zilibeba taarifa zake kwenye ule utepe mweusi wa sumaku ulio mgongoni, na taarifa hizo hazibadiliki: aliyefanikiwa kuzinakili mara moja aliweza kutengeneza kadi nyingine inayofanana nayo. Ulinzi pekee uliokuwepo kaunta ulikuwa sahihi, ambayo keshia alipaswa kuilinganisha na ile iliyo nyuma ya kadi, kazi ambayo wengi waliifanya kwa kutupa jicho tu. Katika mazingira hayo ilikuwa rahisi kuona kwamba kitambulisho chenye picha ni bora kuliko sahihi. Wapo wateja, hasa Marekani, walioacha kabisa kusaini kadi zao na badala yake wakaandika pale kwenye nafasi ya sahihi maneno ya kumtaka keshia aombe kitambulisho.

Chipu, kile kipande kidogo cha kielektroniki kilichopachikwa usoni mwa kadi, ilibadilisha hesabu hiyo. Kadi yenye chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, na msimbo huo haufai kutumika tena, hivyo anayenakili taarifa za muamala wa leo hawezi kutengeneza kadi ya kulipia kesho. Namba ya siri nayo inathibitisha kwamba aliyeishika kadi anajua jambo ambalo halikuandikwa juu yake. Uingereza iliyafanya malipo ya chipu na namba ya siri kuwa ya kawaida madukani tarehe 14 Februari 2006. Marekani ilichelewa: ni kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015 ambapo hasara ya kadi ya kughushi ilianza kuangukia duka ambalo halikuwa na mashine inayosoma chipu, na mwezi Aprili 2018 kampuni kubwa za kadi zikaacha kulilazimisha duka la huko kuchukua sahihi ya mteja. Waliobuni kanuni hizo walikuwa na miaka mingi ya kumbukumbu za hasara mbele yao, na ulinzi wakauweka kwenye mashine. Jicho la keshia wakalitoa kazini.

Walikuwa na sababu nzuri ya kulitoa. Mwaka 1997 Richard Kemp na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika ndani ya duka kubwa la kweli, likiwahusisha makeshia wa kweli, kwa kutumia kadi zilizochapishwa picha ya mwenyewe. Baadhi ya wanunuzi walipewa kadi zenye picha za watu wengine. Makeshia, ambao walijua kabisa kwamba jaribio linaendelea na kwamba picha zinapaswa kuangaliwa, walizikubali zaidi ya nusu ya kadi hizo za uongo. Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo ni haraka za dukani au ukosefu wa mafunzo, lakini jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2014 lilipima maofisa wa pasipoti nchini Australia, watu ambao kulinganisha sura na picha ndiyo riziki yao, nao walipitisha asilimia 14 ya picha zisizo za mhusika. Kumtambua mtu tunayemfahamu ni kazi nyepesi. Kumlinganisha mgeni na picha ndogo aliyopigwa miaka saba iliyopita, huku watu kumi wakisubiri nyuma yake, ni kazi nyingine kabisa, na si haki kumtwika kijana wa kaunta lawama ya kushindwa.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Kadi nyingi zinazotolewa papo hapo kwenye matawi ya benki hazina jina la mteja, kwa hiyo hata kitambulisho kikiwa halali hakuna cha kukilinganisha nacho. Zenye jina nazo hulikata kwa kukosa nafasi. Mama aliyefungua akaunti kwa jina la mume ana kitambulisho chenye jina la baba yake, na Mwanaidi wa kwenye kadi anaweza kuwa Mwanahidi kwenye cheti. Keshia anayefuata sheria kwa ukali atawarudisha watu hao wote na kumpitisha mwizi aliyeiba pochi nzima, ikiwa na kadi na kitambulisho pamoja.

Swali ninaloulizwa kila ninapoeleza haya ni kuhusu wakala wa fedha za simu: mbona yeye huomba kitambulisho mtu anapotoa pesa? Ni swali zuri. Kwa wakala, kinachotoka ni fedha taslimu, na noti ikishaingia mfukoni mwa mtu hakuna njia ya kuirudisha. Muamala wa kadi dukani unaacha nyayo: benki ya mteja, benki ya duka na mtandao wa kadi wote wana kumbukumbu, na mteja aliyeibiwa anaweza kufungua madai akarejeshewa. Kanuni za kadi zenyewe zinaitambua tofauti hiyo, kwani mtu anayetaka kutoa fedha taslimu kwa kadi kwenye dirisha la benki huombwa kitambulisho, ilhali kwa manunuzi ya kawaida Mastercard inakataza duka kukataa malipo kwa sababu tu mteja hakutaka kuonyesha kitambulisho, na Visa ina kanuni inayoelekea huko huko.

Sasa nirudi kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo penye madhara. Jimbo la California lina sheria ya mwaka 1971 kuhusu kadi za mkopo, ambayo katika sura yake ya sasa inaliruhusu duka kuomba kitambulisho mradi lisiandike chochote kilichomo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu Kabisa ya jimbo hilo ilifika mbali zaidi, ikaamua kwamba hata msimbo wa posta wa mteja ni taarifa binafsi ambayo duka haliruhusiwi kuidai na kuihifadhi kama sharti la kupokea kadi. Tofauti kati ya kuangalia na kuandika ndiyo ambayo ningependa kila mwenye duka aishike. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwao ya mwaka 2019, na zote zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahsusi na kwa kiasi kinachohitajika tu. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya kitambulisho cha taifa ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiweka hiyo pamoja na jina, simu na namba ya kadi, umemkabidhi tapeli kila anachohitaji ili ampigie mama yule akijifanya ofisa wa benki, na mama atamwamini kwa sababu anataja mambo ambayo "ni benki tu inayoyajua."

Ziko nafasi ambazo mimi mwenyewe ningeomba kitambulisho. Chipu inaposhindwa mara kadhaa na mashine ikataka kadi ipitishwe kwa utepe wa sumaku, hapo tumerudi kwenye ulinzi wa zamani na tahadhari inafaa. Bidhaa iliyolipiwa kwa intaneti inapokuja kuchukuliwa dukani, anayeichukua athibitishe kwamba ndiye aliyeagiza. Malipo ya kugusisha kadi yana udhaifu pia, kwa sababu kiasi kidogo hupita bila namba ya siri, na aliyeokota kadi anaweza kugusisha mara kadhaa kabla mashine haijadai namba. Lakini dawa ya hilo iko mikononi mwa mwenye kadi: akiona ujumbe wa muamala asioujua, au akigundua pochi haipo, aifunge kadi dakika ile ile kwa simu na asingoje kesho asubuhi.

Kwa keshia, mwache mteja achomeke kadi yake mwenyewe, mgeuzie mashine, na utazame pembeni anapobonyeza namba ya siri. Muamala ukikataliwa, usiugawe vipande vipande ili upite. Kama kuna sababu ya kuomba kitambulisho, kiangalie mbele ya mwenyewe na ukirudishe mkononi mwake. Na yale madaftari yaliyokwisha kujaa, ambayo katika maduka mengi yamerundikwa chini ya kaunta, yachanwe vipande vidogo au yachomwe, yasije yakauzwa kwa kilo na kurasa zake zikaishia kufungia karanga kituo cha basi.