Bakteria anaerobi kwenye kidonda cha upasuaji

Mgonjwa ametolewa kidole tumbo kilichokuwa kimeshapasuka. Siku ya tano mshono umevimba, na muuguzi akibandua gozi, harufu inafika kitanda cha jirani. Harufu hiyo inamwambia daktari jambo: humo wamo bakteria anaerobi, wale wanaostawi pasipo oksijeni. (Isiponuka, bado wanaweza kuwamo.)

Hawatoki mbali. Kwenye utumbo mpana ni wengi kuliko bakteria wapenda hewa mara mia hata elfu, na wakikaa humo hawana neno. Utumbo ukitoboka, wanamwagikia kwenye nyama isiyopata damu ya kutosha, na damu isipofika oksijeni nayo haifiki. Mara nyingi wanaandamana na bakteria mwingine wa utumboni, E. coli, anayeweza kuishi penye hewa na pasipo hewa. Yeye anamaliza oksijeni iliyobaki, wao wanatanuka.

Sasa dawa. Gentamisini inamuweza E. coli, lakini ili ipenye ndani ya bakteria inategemea mfumo wa nishati unaotumia oksijeni. Anaerobi hana mfumo huo, basi dawa inaishia mlangoni. Metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, ni kinyume chake. Inaingia ikiwa imelala. Ndani ya anaerobi inapewa elektroni, inaamka, inakatakata DNA. Kwa bakteria anayehitaji hewa haiamki. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa mmoja anachomwa gentamisini na bado ananing'iniziwa chupa ya metronidazoli, usidhani daktari anabahatisha.

Uwezo huu wa metronidazoli ulionekana kwa bahati. Dawa ilitengenezwa kutibu trikomonasi, na mwaka 1962 daktari wa meno wa London, David Shinn, aliripoti kwamba mwanamke aliyeitumia kwa ugonjwa huo wa ukeni alipona na fizi zake zilizokuwa na vidonda.

Amoksisilini peke yake je? Haitoshi. Bacteroides fragilis, msumbufu mkuu wa vidonda vya tumbo, hutoa kimeng'enya kinachoivunja. Ndiyo maana huchanganywa na asidi ya klavulaniki inayokizuia kimeng'enya hicho. Klindamisini ilitegemewa sana zamani, ila usugu umeongezeka.

Majibu ya maabara nayo yanaweza kupotosha. Kijiti cha pamba kikipitishwa juu ya kidonda na kusubiri mezani, anaerobi wanakufa kwa hewa, halafu karatasi inarudi imeandikwa hakuna kilichoota. Afadhali usaha uvutwe kwa sindano, hewa itolewe, upelekwe mara moja.

Na kama usaha umejikusanya, hakuna dawa itakayotosha peke yake, kwani dawa husafiri kwa damu na katikati ya jipu hakuna mishipa. Nyuzi mbili tatu zinakatwa, usaha unatolewa, nyama iliyokufa inaondolewa, kidonda kinaoshwa na kuachwa wazi chini ya gozi. Ndugu wakija kumwona mgonjwa jioni hushtuka kukuta mshono umefumuliwa.